Koti na Goti

Saa nne asubuhi. Chumba cha nyuma, hoteli ya Beldina, Sotik.

Jackton Okeyo alipanga vifuniko vya soda mezani. Hiki pikapu ya mshahara wa shamba la chai. Hivi matuta ya barabara. Hiki Robert, askari wa pikapu, mwenye rungu na kichwa kigumu.

"Akitulia, simgusi," akasema.

Johana, mwenzake wa genge, akakisogeza kifuniko hicho pembeni. Robert amemwoa dada yake, Chepkorir, na kutulia hajui. Mara mbili Johana aliomba watafute gari lingine. Mara mbili Jackton alimwambia akae nyumbani akamue ng'ombe.

Jackton akatoa bastola, ama nusu yake. Aliichukua kwa nyumba ya mzungu mmoja mwaka wa tisini na mbili, alipoitwa kurekebisha jenereta, na tangu hapo hana mpenzi mwingine. Inabeba risasi moja tu, lakini ina mitutu miwili. Unachomoa pini, unatoa huu, unaweka ule, klik. Fundi mitambo hachoki na klik kama hiyo. Ila genge halikumwamini na bunduki nzima. Yeye aweke mwili na risasi, mitutu aiweke Nyamweya, fundi wa nguo kule Kaplong. Upuuzi mtupu! Bunduki ni yako na huwezi kulala nayo ikiwa kamili.

Mtutu mrefu wa risasi kubwa aliuita Koti, kwa sababu ulifichwa ndani ya koti. Ule mfupi wa kuulia ndege, Goti.

"Pitia Kaplong. Mwambie Nyamweya alete Koti."

"Sawa. Goti."

"Koti, bwana."

"Si ndiyo nasema. Goti."

Jackton akacheka mpaka machozi. Miaka minne anacheka ulimi wa huyu Mkipsigis, unaochanganya k na g, na Johana anacheka naye.

"Sema ule mrefu, basi."

"Mrefu. Nimeelewa."

Saa nane kasoro kumi. Ndani ya majani chai, juu ya matuta.

Nyamweya akafungua kitambaa. Mfupi. Jackton akajaribu risasi kubwa, ikakataa kuingia. Akaisukuma kwa kidole gumba kama mjinga. Pikapu ilishaanza kusikika.

"Nani alikwambia Goti?"

Nyamweya akanyoosha kidole kwa Johana. Jackton akatukana ulimi wa Johana, akatukana mama yake, akajitukana mwenyewe kwa kubuni majina ya kipumbavu. Miaka minne ya kupangusa na kupaka mafuta, halafu hivi! Akaona bora atishie nayo hivyo hivyo, bila risasi. Akaruka barabarani.

Robert hakutulia. Alishuka na rungu. Jackton akamlenga kifuani, akavuta kabisa. Tik. Rungu likampata mkononi, mfupa ukalia. Wachumaji wakateremka na vikapu mgongoni. Nyamweya alikuwa ameshatoroka.

Saa nane na dakika tano. Kando ya barabara.

Johana hakukimbia. Robert alimfunga kamba pamoja na Jackton, bila kumtazama usoni.

"Nilikwambia useme mrefu," Jackton akamnong'oneza, akiuma meno kwa uchungu. "Hata Koti huwezi kusema."

"Koti," Johana akasema, safi kama msoma habari wa redio. "Goti."

Jackton akamtazama. Halafu akamtazama Robert, mzima, akipangusa matope kwenye buti. Safari hii hakucheka.