Kibuyu cha Bibi Bernadetha

Kila alipotoka shule, Nyangi aliuweka mfuko wake wa vitabu kitandani na kukimbilia kwa bibi yake. Alimfunga kanga vizuri, akamlisha uji, akamfuta mdomo. Tangu Bibi Bernadetha apooze upande wa kulia, mjukuu wake hakumruhusu hata kushika kijiko. Majirani wa kijiji chao cha ujamaa, huko Natta, walimsifu sana. "Huyu mtoto ana adabu," walisema, na Nyangi alifurahi.

Bibi ndiye hakuwa na furaha. Mwanawe mkubwa, Nikodemo, alikuwa ametuma habari kutoka Tarime mjini kwamba pamba ikishauzwa atakuja kumchukua. Wazazi wa Nyangi walishinda kwenye shamba la kijiji, na mgonjwa asiyejiweza hawezi kuachwa peke yake. Bibi hakutaka kuondoka. Ng'ombe wake, jirani zake na kaburi la mumewe vilikuwa hapa. Nyangi naye alilia kila alipoikumbuka habari hiyo.

Muuguzi wa zahanati, Kokushubira, mwenyeji wa Bukoba, alikuwa amesomea pia namna ya kuwasaidia wagonjwa warudie shughuli zao za kila siku. Alimshonea Bibi mpira wa vitambaa, auminye kwa ule mkono dhaifu. Aliporudi juma lililofuata, aliwakuta watoto wa jirani wanaupiga mateke uani.

"Shikamoo, Bibi. Mpira umekukosea nini?"

"Marahaba. Mimi nina wajukuu, binti yangu. Mpira ni wao."

Nyangi alidhani muuguzi angekasirika. Badala yake alicheka.

"Kosa ni langu," alisema. "Nilileta dawa kabla ya kuuliza. Bibi, mikono hii ilizoea kazi gani?"

Bibi alikitazama kibuyu kilichoning'inia ukutani. "Kusuka maziwa. Siagi yangu waliijua mpaka Ikoma."

Kibuyu kikajazwa maziwa, kikawekwa mapajani mwake. Bibi alikisukasuka kidogo tu, mkono ukaanza kuteleza. Nyangi akaruka. "Niachie mimi, Bibi."

"Nyangi," muuguzi alisema kwa upole, "kalia mikono yako."

Nyangi alishangaa. Alifundishwa kwamba mtoto hakai tu huku mzee anahangaika. Hata hivyo, alikalia mikono yake, na moyo ulimuuma. Kibuyu kilianguka, maziwa yakamwagika, na mbwa akaja mbio kuyalamba. Bibi aligeuza uso pembeni.

"Sasa ndipo kazi inapoanza," alisema muuguzi. "Tumefanya nini? Kwa nini kimeanguka? Kesho tubadilishe nini?"

Nyangi alifikiri. "Kilijaa mno," alijibu. "Halafu kinateleza."

Kesho yake alitafuta kibuyu kidogo, akatia maziwa nusu, akakizungushia kamba ya katani ili vidole vya Bibi vipate pa kushika. Safari hii hakikuanguka. Tangu siku hiyo, kila jioni Nyangi alijiuliza maswali yale yale ya muuguzi. Alipoona Bibi anachoka upesi, alihamisha kigoda chake, ili aegemee ukuta. Siku moja Bibi alinuna, akasema heri aende Tarime akafie huko. Nyangi alipowaza, aliona kosa lilikuwa lake: alitaka kwenda kucheza rede, kwa hiyo alimharakisha. Siku iliyofuata hakumharakisha, na Bibi akaimba huku anasuka.

Pamba ikauzwa. Nikodemo akafika na sanduku la kuwekea nguo za mama yake, akamkuta muuguzi amekuja kumwangalia mgonjwa. Bibi alimkaribisha mwanawe akae, akavuta kikombe, akakiinua kibuyu kwa mikono miwili. Kibuyu kikayumba. Nikodemo akainuka haraka kumpokea.

"Samahani, Baba Mkubwa," alisema Nyangi kwa sauti ndogo. "Kalia mikono yako."

Nikodemo alimkazia macho. Hakuna mtoto aliyewahi kumwambia hivyo. Alimtazama muuguzi, akamtazama mama yake, kisha akakaa. Bibi alimimina taratibu mpaka kikombe kikajaa, na maziwa kidogo yakamwagikia kiatu cha mgeni. Nikodemo alikunywa, akafuta mdomo.

"Nani kasuka haya?"

"Mimi," alijibu Bibi. "Na uji najipakulia."

Nikodemo alikiweka kikombe chini. Kisha akalisukuma lile sanduku mlangoni. "Basi nimekuja kusalimia tu, mama."

Muuguzi alimshika Nyangi bega. "Umejifunza kazi ngumu," alisema. "Kumpenda mgonjwa kunahitaji akili pia. Muulize anataka nini, mwache ajaribu, kisha jiulize wewe mwenyewe umemsaidia au umemzuia. Hata sisi tuliosoma tunakosea, kama nilivyokosea kwa ule mpira. Anayejiuliza kila siku ndiye anayejifunza."

Nyangi alikwenda kuchukua kitambaa ili afute kiatu cha baba yake mkubwa.

"Lete hapa," alisema Bibi, akanyoosha mkono wake wa kulia. "Nimemwaga mimi, nitafuta mimi."

Nyangi akampa kitambaa, akakaa, akasubiri.