Mlango Usio na Kitasa Ndani

Mjomba wangu ni profesa wa historia. Siyo ile historia ya wafalme. Yeye ni magereza ya jeshi ya wakati wa vita, basi, tangu ujana wake. Mama alikuwa anamtania, "Kaka, wewe hata ukifika peponi utauliza selo ziko wapi."

Ilianza Jumamosi ya kawaida tu. Niko uani nasugua viatu. Babu, yaani baba yao mama na mjomba, anaota jua huku Mama Mapazia anampunguza ndevu.

"Baba, tulia, nitakukata sikio!"

"Kata tu. Lenyewe halisikii."

Mama Mapazia ni jirani, anashona mapazia. Siyo damu yetu. Baba yake na Babu walifungwa selo moja, baba yake hakurudi. Babu aliporudi akamkuta ni mtoto mdogo, akamlea. Kwake Babu ndiye baba, hana mwingine.

Mama Mapazia alipoondoka, mjomba akaleta kigoda na kile kidude chake cha kurekodia. Alishawarekodi wazee wote waliofungwa. Baba yake mwenyewe tu ndiye aliyekuwa anakataa. Siku hiyo sijui nini kilimlainisha.

"Zima hicho kwanza," Babu akasema.

Mjomba akabonyeza. Taa nyekundu ikazimika, niliiona.

Babu akasema taratibu. Askari walimpiga mpaka meno yakaisha, akanyamaza. Halafu akaja mtu mpole. Hakupiga hata kofi. Akakaa chini naye, akamuuliza kwa sauti ya kubembeleza, "Wewe, au mwenzako? Nionyeshe tu."

Babu akanyoosha kidole. Mwenzake akachukuliwa. Ndiyo ikawa mwisho wa baba yake Mama Mapazia.

"Binti asijue," Babu akamshika mjomba mkono. "Hata nikifa, asijue."

"Baba, mimi si mwanao?"

Kumbe kwenye kazi yao wanabeba vidude viwili, kimoja kikigoma kingine kinaendelea. Cha pili kilikuwa mfukoni mwa shati.

Chuo kikamfanyia mjomba sherehe ya kumpongeza kwa kazi yake ya miaka yote. Ukumbi umejaa. Sisi tumewekwa mbele. Mama Mapazia ndiye aliyempigia Babu koti pasi, na amemshika mkono. Mjomba akasimama kwenye kipaza sauti, anang'aa. "Sasa sikilizeni sauti ambayo hamjawahi kuisikia."

Ilikuwa ya Babu. Yote. Mpaka kwenye kidole.

Watu wakapiga makofi, hebu fikiria. Mama Mapazia akautoa mkono wake polepole, kama mtu anayeutoa kwenye maji ya moto. Akatoka bila kugeuka.

Babu akamwangalia mwanawe kule juu. "Ulizima," alisema. "Nilikuona ukizima."

Hakuongea tena. Alilala akiangalia ukuta, akafa akiangalia ukuta. Mama Mapazia hakuja kuzika. Alihama, cherehani na vyote, hatujui wapi. Mjomba alilia kidogo, halafu akarudi kwenye kitabu chake.

Hapo ndipo mlango wa chumba chake cha kusomea ulipoanza vituko.

Asubuhi moja nikasikia anagonga kutoka ndani. Nikamfungulia. Kitasa cha ndani hakipo. Fundi akaja, akafunga kipya. Kesho yake hakipo tena. Na siyo kwamba kimeng'olewa. Hakuna tundu la skrubu. Mbao laini, imepakwa rangi vizuri, kama haijawahi kuguswa.

"Bwana mkubwa," fundi akanong'ona, "mimi hapa sirudi."

Mjomba akacheka, lakini midomo tu. "Milango ya selo ndiyo iko hivi," akaniambia. "Ndani haina kitasa."

Nikamsihi asiingie tena. Akasema ana kitabu cha kumaliza.

Juzi, mchana kweupe, mama yuko sokoni, nikasikia watu wawili wanaongea mle ndani. Mjomba alikuwa peke yake. Mlango nikausukuma, haukwenda. Nikazunguka dirishani.

Mjomba amekaa chini. Viatu amevua. Mbele yake hakuna mtu.

Lakini sauti ipo. Ya chini. Ya upole kabisa.

"Wewe, au mwingine? Nionyeshe tu."

Nikagonga kioo. "Mjomba!"

Akageuka. Akaniona. Babu alivumilia mpaka meno yakaisha. Huyu hakuguswa hata nywele.

Akanyoosha kidole.

Dirishani. Kwangu.

Mlango ukafunguka wenyewe. Mjomba akatoka, akavaa viatu, akanipita pale dirishani kama anavyopita kiti. Jioni alikula vizuri. Akamwambia mama kitabu kinaendelea, mwaka huu kinatoka.

Mama nilimweleza. Akasema, "Mwanangu, huyo ni kaka yangu," akaendelea kupanga vyombo.

Leo nimeamka nikaona doa ukutani, pembeni ya kitanda. Ukuta huo nimeupaka rangi mwenyewe, bado unanuka. Doa ni jeusi, la mafuta, la mviringo, kama lile linaloachwa na kichwa cha mfungwa aliyeegemea pale pale miaka mingi. Nimelisugua kwa sabuni, haliondoki.

Liko chini, karibu na sakafu. Nikakaa. Nikaegemea.

Kichwa changu kimeingia sawasawa.