Ini la Mama

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alimtungia mama yake uzi kwenye sindano. Mama alikuwa fundi cherehani. Alishonea chumba cha ndani, pazia limefungwa kutwa, maana jua hupausha vitambaa vya wateja. Alikuwa na kisukari, na siku hizi mifupa ilimuuma hata akitembea alijikongoja.

Tangu daktari amwambie kwamba ini lake lina mafuta, hakurudi tena kliniki.

"Ini ni ugonjwa wa walevi," alimwambia Chiriku. "Majirani wakisikia, nani ataniletea nguo? Na huo mdomo wako, mwanangu, uupe likizo."

Akanunua kwa mchuuzi dawa chungu ya kusafisha ini, akaificha chini ya kitanda. Vidonge vya kisukari akaviacha.

Siku moja Chiriku alitoka shule akamkuta mama sakafuni, amejitapikia, anahema kama aliyekimbizwa. Alipiga kelele. Shangazi, aliyekaa nyumba ya pili, akaja mbio akatafuta gari.

Hospitalini daktari aliuliza, "Anatumia dawa gani?"

"Zake za kisukari tu," shangazi akajibu.

Mama alimkazia Chiriku macho. Chiriku akamgeukia shangazi.

"Si kweli, shangazi. Vidonge aliviacha. Anakunywa dawa ya ini ya chupa, iko chini ya kitanda. Anaogopa mtasema ni mlevi."

"Mlevi!" shangazi alishika kichwa. "Wifi, wewe ambaye harufu ya pombe tu inakutapisha?"

Mama aligeukia ukutani. Alilazwa, na kwa siku kadhaa hakumsemesha mtoto wake.

Alipopata nafuu kidogo, daktari aliwaeleza. "Si pombe, mama. Wenye kisukari wengi hupata mafuta kwenye ini. Tena huna vitamini D ya kutosha, jua hulioni. Nitakupa vidonge vyake, nawe utoke nje, utembee, upunguze sukari na mafuta. Ini linaweza kupata nafuu. Lakini kwa kuacha vidonge vya kisukari na kunywa ile dawa ya chupa, figo zimeumia. Hizo siwezi kukuahidi."

Mama akanyoosha mkono, akamvuta Chiriku.

"Nilikununia kwa kuniokoa," alisema. "Ukiumwa, mwanangu, mwambie anayeweza kukutibu, hata kama unaona haya. Haya haiui mtu. Kuficha ndiko kunakoua."