Dirisha la Chumba cha Mzee Rifat

Asubuhi moja Zumra alipokuwa akipita mlangoni pa chumba cha marehemu baba mkwe wake, aliona kioo cha dirisha kimetandwa na mvuke kwa ndani. Chumba hicho hakikuwa kimelaliwa na mtu tangu mzee Rifat afariki majira ya kuchipua. Akaingia, akaufuta kwa kiganja, akashuka kuchukua makaa ya mawe. Aliporudi na ndoo yake, mvuke ulikuwa umerudi: duara dogo, kwenye kimo cha mdomo wa mtu mzima.

Hakumwambia mtu. Majani yalikuwa yameanza kupukutika, na katika mji wao wa Zenica majani yakipukutika, moshi wa majiko hushuka bondeni ukalala juu ya mapaa kama blanketi chafu. Zumra alikuwa na lake la kumhangaisha: binti yake Ilma alikuwa na pumu, na mwaka huo kifua kilikuwa kikimlia kama filimbi. Alikuwa amekwisha kulisafisha bomba la moshi, akafua mazulia, akasugua ukungu wa kuta kwa siki. Mumewe Enver, aliyeendesha lori huko Slovenia, akawatumia mashine ya kusafisha hewa. Taa yake ikiwaka kijani, hewa ni njema. Ikiwaka nyekundu, ni mbaya.

Kilichobaki ni kufungua madirisha, na hilo mama mkwe wake, Behija, hakutaka kulisikia. Kwa wazee wa kule, upepo upitao kati ya madirisha mawili huogopwa kuliko risasi. Chumba cha Rifat ndicho alichokilinda zaidi, kila ufa ameuziba kwa matambara.

Ajabu ni kwamba jikoni, hata jiko likiwaka, mashine ilionyesha kijani. Zumra alipoisogeza mbele ya mlango wa Rifat, ikanguruma, taa ikawa nyekundu. Akaizima, akatoa chujio akitarajia masizi. Lilikuwa jeupe, limelowa, lina uvuguvugu, na lilinuka pumzi ya mtu aliyeugua muda mrefu, harufu ileile aliyoifua kwenye mashuka ya mzee mwaka mzima.

Toka hapo wakaanza kusikia kikohozi kutoka chumbani humo. Kikavu, cha mchimba makaa kama alivyokuwa mzee, kinasikika mara mbili kisha pumzi ndefu inavutwa. Ilma naye akazidi kudhoofu, akawa hawezi kupanda ngazi bila kushika ukuta.

Jioni moja, giza likiwa ndiyo kwanza linaingia, Zumra alikuwa akichoma pilipili hoho za kuhifadhi alipogundua kwamba mtoto hayupo kochini, akaita, hakuitikiwa, akaenda ukumbini na mikono yake inayonuka moshi, akaona mlango wa Rifat uko wazi kidogo, akausukuma, akamwona Ilma amelala kitandani kwa babu yake, midomo imekuwa ya buluu, na bibi yake ameketi kando akitabasamu gizani, na kila mara mtoto alipotoa pumzi yake nyembamba, godoro lililokuwa tupu ubavuni mwake lilivimba polepole, kama kifua cha mtu anayevuta hewa.

Akamnyakua mwanawe, akarukia dirisha. Behija akamshika mkono.

"Usifungue," alinong'ona. "Atatoka."

"Nani atatoka, mama?"

"Rifat. Nililifunga siku ile kabla pumzi yake ya mwisho haijatoka. Yumo humu. Tunaongea."

Zumra akajinasua mkononi mwake, akamkimbiza mtoto nje. Alimlaza kwa jirani na dawa yake ya kuvuta, kisha akampigia simu Shehe Zulfikar wa msikiti wa pale juu.

Shehe alikuja bado amevaa koti la bustanini. Hakuvuka kizingiti cha chumba. Alinusa hewa, akauliza nani aliyelifunga dirisha lile, na Behija alipokiri, yeye akakaa chini pale pale mlangoni.

"Bibi Behija," alisema kwa upole, "pumzi ya mumeo aliitwaa aliyempa. Hiki kingine kilipita, kikakuta nyumba imefungwa na mtu ndani anaita. Kikaitika. Mimi nitasoma, lakini aliyefunga ndiye atakayefungua."

Akaanza kusoma. Kikohozi kikaanza kitandani, kikahamia kabatini, kikahamia juu ya dari, na sauti ya Rifat, ile ile ya kukwaruza, ikamwita Behija kwa jina alilokuwa akimwita siku za uchumba wao, ikimsihi asimtupe nje kwenye ukungu na yeye kifua chake kibovu. Behija alilia kama mtoto. Zumra alimwona akisita, mkono kwenye komeo, na kwa kitambo akadhani atarudi nyuma. Kisha mwanamke yule akasema, "Nisamehe, kipenzi," akang'oa matambara, akafungua. Upepo wa baridi ukaingia na majani makavu, na kitu kizito kikapita kati yao, cha moto na unyevu, mapazia yakavutwa nje yakanyooka.

Kukawa kimya. Zumra akaiwasha tena mashine, nayo ikaonyesha kijani.

Ilma akapona. Kila asubuhi madirisha yakafunguliwa, upende usipende, na mtoto akarudi shule, na akija nyumbani alipanda kilima mbio. Behija alihuzunika siku nyingi, lakini alikula, na akakubali chumba kile kigeuzwe cha kupigia pasi.

Theluji ya kwanza ilianguka mchana. Zumra alikuwa akinyoosha mashati, dirisha li wazi nyuma ya pazia, aliposikia sauti ndogo mgongoni pake.

"Mama, nasikia baridi. Funga dirisha."

"Haya, mwanangu," alisema bila kugeuka. Akaiweka pasi, akalivuta pazia, akashika komeo. Kioo kilikuwa karibu kifungike alipotazama barabarani, akamwona Ilma na mkoba wake mwekundu anapanda kilima kutoka shule, anampungia mkono.