Kigawasauti na Pumzi ya Nyamizi

Umewahi kumsikia mtu mmoja akiimba kwa vinywa vinne? Kama hujawahi, kaa vizuri nikueleze, maana huko Tabora ya miaka ijayo hilo ni jambo la kila Jumamosi.

Juu ya paa la kituo kikuu, pale treni za sumaku zinapoingia bila kishindo kutoka Kigoma, Mwanza na Dar es Salaam, kuna ukumbi wa wazi. Sakafu yake ni ya vioo vinavyokusanya jua mchana kutwa, kisha jioni vinalirudisha polepole, mwanga wa rangi ya asali, hata mtu akicheza anaona unyayo wake unang'aa pembeni. Jumamosi bendi ikipanda jukwaani, mgeni hushangaa. Mbele yuko mwanamke mmoja tu, Kalunde, kilemba chekundu, viatu kavua na kuvipanga vizuri kando ya maiki. Anaimba ubeti kwa sauti yake tupu, gitaa la Mzee Lubasha likimfuata. Wakifika kwenye kiitikio, Kalunde anakanyaga pedali kwa kidole gumba cha mguu, na hapo ndipo mgeni anapogeuka huku na huku kutafuta watu. Sauti zimekuwa nne! Moja iko juu ya ile yake, moja chini yake, na moja nzito imelala chini kabisa kama mkeka. Zinatoka kwenye vipaza vidogo vinavyoelea hewani, vidogo kama punje ya karanga. Watu wa Tabora wanaviita nyuki.

Chombo chenyewe kinachofanya kazi hiyo kinaitwa kigawasauti. Ni kisanduku tu, ukubwa wa kopo la asali. Kinaisikia sauti ya mwimbaji, kinalisikiliza na gitaa ili kijue wimbo umekaa kwenye ufunguo gani, kisha kinaichukua ile sauti moja na kuigawa. Nakala hii kinaipandisha, ile kinaishusha. Waliokitengeneza walikuwa na akili, wakakiwekea kuchelewa kidogo, kila nakala kwa kiasi chake, maana watu wanne wa kweli hawafungui midomo kwa mpigo mmoja kama milango ya treni. Kitu kimoja hawakukiwekea: kuvuta pumzi. Lakini nani angekumbuka pumzi, na sanduku halina kifua?

Sasa basi. Nyuma ya ngoma, kwenye kigoda, kigawasauti kikiwa mapajani, kimevishwa mfuko wa kitenge alioushona mwenyewe kwa mkono, alikaa Nyamizi. Huyu alikuwa wifi yake Kalunde; Kalunde aliolewa na kaka yake. Kazi yake ilikuwa kulilea lile sanduku. Maana sanduku lilijua kanuni za muziki, lakini nyimbo za bendi hii zilikuwa na mahali pa kukata kona, na pale Nyamizi alizungusha kitufe kidogo ili sauti ya pili isipotee njia. Siku za katikati ya wiki alikaa nalo barazani akiliimbia nyimbo mpya kwa sauti ya chini, chupa ya chai ya tangawizi pembeni, mpaka lizishike.

Na ukimtazama usoni wakati wa kiitikio, midomo yake ilikuwa inacheza. Neno halitoki, lakini midomo inacheza.

Zamani sauti ya pili ilikuwa yake. Sauti ya kahawia hivi, yenye mikwaruzo kidogo, watu walikuwa wakisema imepakwa moshi. Na kweli ilikuwa na moshi, kwa sababu utoto wake wote aliupitishia kwenye mabani ya kukaushia tumbaku. Madaktari walimwekea dawa ya chembechembe zinazofagia mapafu, wakafagia walichoweza. Uhai ulibaki. Pumzi ndiyo ilibaki fupi.

Siku moja kwenye harusi ya watu wakubwa, katikati ya kiitikio, pumzi ikamkatika. Kalunde akaendelea peke yake. Kuna kijana akacheka. Wiki iliyofuata Kalunde alimjia barazani na kisanduku kipya, uso umejaa furaha.

"Wifi, nimekupatia wa kukubebea mzigo. Wewe sasa ni kukaa tu kama malkia, kushika hiki na kunywa chai."

Nyamizi alikuwa na jambo la kusema. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini mtu kakuletea zawadi, anatabasamu, utasemaje? Akasema, "Ahsante, wifi." Miaka minane ikapita juu ya ile ahsante.

Basi msimu wa mvua ulipoanza akaja mhandisi mmoja, Kondo, Mzaramo wa Dar es Salaam, kijana mpole, mkoba begani. Na Mzaramo akifika Unyamwezini ameshafika kwa watani wake.

"Shikamooni, bibi zangu."

"Marahaba," akasema Kalunde. "Ehe, Mzaramo! Ngoma za kwenu mmezimaliza, sasa mmekuja kuiba sauti za Wanyamwezi?"

"Si mlitubebea mizigo yetu mpaka pwani, bibi? Leo nami nimewabebea mmoja. Nimerudisha deni la babu."

Nyamizi akacheka mpaka akakohoa. Kondo akafungua mkoba, akatoa kigawasauti cha namna mpya, chembamba kama kipande cha mua kilichomenywa. Akaeleza taratibu. Kile cha zamani hugawa sauti ya mwimbaji mwenyewe, kwa hiyo zile sauti nne zote ni Kalunde. Hiki kipya kinaweza kubeba sauti ya mtu mwingine. Ukikifundisha mara moja, kinaimba na mwimbaji siku zote, na kona zote za nyimbo kinazikata chenyewe. Hakihitaji mlezi.

"Tunataka kukipa sauti ya Bibi Nyamizi," akasema. "Ile ya moshi. Jumamosi hii hii watu waisikie."

Kalunde akapiga makofi. "Wifi! Utaimba hata ukiwa kaburini, sisi tukija kupalilia tunakusikia!"

"Mtapalilia mkicheza, basi," akasema Nyamizi.

"Ila sheria iko hivi," Kondo akaendelea. "Sauti ya mtu ni kama damu yake. Haichukuliwi mpaka mwenyewe atamke kwa kinywa chake, mbele ya mashahidi, kwamba ameridhia. Akiridhia, imetoka. Hairudi."

Nyamizi akaangalia mikono yake. Ilikuwa imelala juu ya mfuko wa kitenge. Aliona wazi: akisema ndiyo, sauti yake itapanda jukwaani, na yeye atabaki nyumbani na chupa ya chai. Hata kile kigoda hakitamhitaji. Na kitu alichokitaka miaka yote hii kitakuwa kimefungiwa ndani ya kile kipande cha mua.

"Haya," akasema. "Tutaona Jumamosi."

Jumamosi mchana wakakutana ukumbini kabla ya watu. Mvua ilikuwa imepita, roboti wa kufagia wanasukuma maji kwenye mifereji. Kondo alisema lazima wifi hao wawili waimbe pamoja, bila sanduku lolote, kwa sababu sauti ya pili haifundishiki ikiwa peke yake. Inajulikana kwa jinsi inavyokaa na ile ya kwanza. Mzee Lubasha akakaza nyuzi, wakaanza ule wimbo wao wa zamani wa behewa la mwisho:

Mwenzangu wa njia moja, kituo kipi utashuka?
Nikuwekee nafasi, mvua isikulowanishe.

Mstari wa kwanza ulikwenda vizuri. Ile sauti ya kahawia ilitoka, nyembamba kuliko zamani lakini ni ileile, na Mzee Lubasha akafumba macho. Mwisho wa mstari Nyamizi akavuta pumzi. Alipofungua mdomo, Kalunde alikuwa ameshaingia wa pili, yuko mbali.

Wakarudia. Ikawa vilevile. Wakarudia tena, na Nyamizi akashika kifua.

"Mbona unachelewa, wifi?" Kalunde akauliza.

"Nakuja."

"Wimbo ni uleule!"

Kondo akakuna kichwa. "Samahanini, bibi zangu. Mwanzo nilitaka kutumia kanda zenu za zamani nisiwasumbue, zikanishinda. Zina kelele. Kila mwisho wa mstari kuna kelele, haisafishiki. Lakini hebu tusikilize moja, pengine tutajua mlikuwa mnaimbaje."

Akabofya. Nyuki wakainuka hewani, na ukumbi mtupu ukajaa jioni ya miaka ile. Gitaa la Lubasha, bado na nguvu za ujana. Kalunde akaimba mstari wa kwanza, na alipofika mwisho hakukimbia. Alilivuta lile neno la mwisho. Utashukaaa. Akalivuta, akalizungusha, na katikati ya mvuto huo, ukitega sikio vizuri, unasikia mtu anavuta pumzi. Na hapohapo watu! Watu wanapiga makofi, akina mama wanapiga vigelegele, mtu anaita "Vuta, Kalunde, vuta!" na ukumbi mzima unaliimba lile neno pamoja naye. Kisha wifi wawili wanaingia mstari wa pili kwa mguu mmoja.

Hiyo ndiyo kelele iliyomshinda Kondo.

Kanda ikaisha. Mzee Lubasha ndiye aliyeanza, kwa sauti ya chini.

"Nilikuwa najiuliza watu waliacha lini kuimba nasi. Siku hizi wanacheza vizuri, wanapiga makofi mwishoni, wanakwenda kupanda treni. Lakini kuimba, hawaimbi."

Kalunde akakaa chini, kwenye ukingo wa jukwaa, viatu mkononi.

"Nilikuwa navuta kwa ajili yake," akasema, kama anayemweleza mtu asiyeonekana. "Najua anahitaji nafasi, basi navuta. Halafu sanduku halihitaji nafasi. Nikaacha. Wala sikujua kama nimeacha."

"Si kosa la mtu, bibi," akasema Kondo.

"Wewe Mzaramo nyamaza kidogo," Kalunde akamwambia, lakini kwa upole.

Chini ya sakafu treni ya Kigoma ikaingia, vioo vikatetemeka kidogo tu. Watu wangeanza kupanda ngazi muda si mrefu. Kondo akatazama kile kifaa chake chembamba, taa yake ndogo ya kijani inamsubiri mtu. Alikuwa kijana mwaminifu, na kazi ni kazi. Akakisogeza mbele ya Nyamizi, akawanong'oneza Mzee Lubasha na Kalunde kwamba wao ndio mashahidi, kisha akauliza kama sheria inavyotaka:

"Bibi Nyamizi, je, umeridhia sauti yako ichukuliwe?"

Kalunde akainua uso. Zamani angemjibia wifi yake. Angetupia mzaha, kila mtu angecheka, na mambo yangekwisha. Safari hii alifunga mdomo, akangoja. Nyamizi akavuta pumzi, ikakwama katikati. Akapumzika, akavuta nyingine, mpaka kifua kikajaa kadiri kinavyoweza kujaa. Na Kalunde bado anangoja.

"Sijaridhia," akasema Nyamizi. "Hicho cha zamani kitakaa hapo hapo, kituimbie zile nyimbo za mbio, hizo siziwezi. Lakini huu wa behewa nataka kuuimba mimi, leo, mbele ya watu, nimesimama. Na wewe wifi, hiki ndicho nilichotaka kukwambia siku ile uliponiletea sanduku. Sikutaka wa kunibebea. Nilitaka unisubiri nivute pumzi."