Tumsubiri, Yuko Hewani

"Usinidanganye na leo," alisema fundi cherehani, simu begani, futi ya kushonea mkononi. "Nimekupima ukutani. Hufiki."

Mama yake, mwalimu wa jiografia mstaafu, alikuwa amefariki, na mazishi yalipangwa kesho saa nne asubuhi. Mchumba wake, mpishi wa hoteli katika jiji la upande wa pili wa dunia, alikuwa tayari uwanja wa ndege, akimsihi aombe yasogezwe hadi saa sita. Mara mbili aliahidi kuja, mara mbili likizo ikafutwa. Baba mdogo alishampachika jina: Bwana Simu. Fundi akiomba na mtu asitokee, ataumbuka mbele ya ukoo mzima, siku ya mama yake.

Ndiyo maana alipima. Aliinyoosha futi juu ya ramani ya ukutani chumbani mwa marehemu, jiji hadi jiji, akapiga hesabu za mwendo wa ndege. Jibu likawa jioni.

"Umepima ramani?" mpishi aliuliza. "Mpenzi, kiuno cha mteja unakipimaje?"

"Nakizungushia futi."

"Basi na dunia ina kiuno. Tufe la mama liko juu ya kabati, chukua uzi. Mimi wananiita, naingia ndani."

Simu ikakatika. Alilishusha tufe, akalifuta vumbi, akaukaza uzi kati ya majiji mawili. Uzi ukakataa kufuata njia ya ramani. Ukapanda juu, ukapita kwenye weupe wa barafu, ukateremkia upande wa pili. Safari ilikuwa imepungua kwa karibu robo; jibu jipya likawa kabla ya saa sita. Alicheka huku machozi yakimtoka: mtoto wa mwalimu yule, na bado kasahau kwamba dunia ni mviringo.

Alikwenda sebuleni.

"Baba mdogo, naomba tumsubiri hadi saa sita. Yuko hewani."

"Nani, Bwana Simu? Na asipofika?"

"Aibu itakuwa yangu."

 Mzee akasema marehemu hakuwahi kumfungia mchelewaji mlango wa darasa, kwa hiyo saa sita ni sawa, ila dakika haiongezwi.

Kesho yake, watu wakianza kutazama saa zao, teksi ilisimama getini. Mpishi alishuka na koti zito la baridi kwenye jua kali, akaenda moja kwa moja kwenye jeneza, akaingiza bega.

Baba mdogo, aliyekuwa mbele yake, aligeuza shingo.

"Pole kwa safari, mkwe. Inua kidogo upande wako."

Baada ya mazishi, fundi alimmiminia maji anawe udongo.

"Ahsante kwa kuja. Safari hii wamekupa likizo ndefu?"

"Walikataa tena," mpishi alisema, akijisugua viganja. "Nikavua aproni, nikawaachia jiko lao."

Fundi alisimama na kopo mkononi. Kisha akaendelea kummiminia, taratibu, kidole kimoja kimoja, na hakumhimiza amalize.