Mteremko wa Dambo

Mchuzi wa samaki ulikataa kukaa sawa katika sahani. Symphorien aliizungusha sahani, akaweka karatasi iliyokunjwa chini ya mguu wa meza, na bado mchuzi ulijaa upande mmoja, upande wa korido, mpaka ukamwagika juu ya kitambaa.

"Baba Carine, meza iko mubaya?" mkewe Simone aliuliza.

"Meza iko muzuri."

Kazi yake ilikuwa kupima usawa wa ardhi. Alichukua kipimo chake cha mkono, akakilaza juu ya saruji, na kile kiputo cha hewa kikasimama katikati kabisa. Sakafu haikuwa na kosa. Kando ya kipimo, chungwa la binti yao Carine lilianza kubingirika peke yake, polepole, likapita mlango, likafuata korido, likaingia chooni.

Hayo yalitokea katika mji wa Likasi mwaka 1993, wakati viwanda vinazimika kimoja kimoja, na watu wenye asili ya mkoa wa Kasai, hata waliozaliwa pale pale mjini, wanafukuzwa makazini na majumbani na kulala kwa maelfu kwenye gare wakingoja treni. Katikati ya balaa hilo, Monsieur Germain, mkuu wa ofisi ya mipango alimofanya kazi Symphorien, alitaka cité mpya ya nyumba mia mbili upande wa barabara ya Kakanda, kila nyumba na choo chake cha kuvuta maji. Ramani ya mifereji ya maji machafu alipewa Symphorien.

Ardhi ile ilikuwa bapa kama godoro. Maji machafu hayapandi. Yanataka mteremko, na bomba kubwa la mji lilikuwa mbali. Njia moja tu ilibaki, kupita katikati ya dambo, lile bonde la majani mabichi lisilokauka hata mwezi wa tisa. Huko nako Symphorien alipima asubuhi nzima, akakosa zaidi ya mita moja. Germain alikuwa amemwambia wazi kwamba bila ramani siku ya Ijumaa asirudi ofisini.

Saa sita mchana, jua kichwani, alipiga teke mguu wa darubini yake ya kupimia.

"Kama kuko mutu mule chini," alipaza sauti, "anipe pente, hata mutelemuko kidogo! Atakamata kitu kenye anapenda!"

Hilaire, msaidizi wake kwa miaka kumi na moja sasa, alikuwa amesimama ndani ya maji akishika ufito wa kupimia. Alitoa macho.

"Chef, usiseme vile. Hapa iko na mwenyewe."

Symphorien aliinama tena kwenye darubini. Namba za ufito zilikuwa zimepanda. Hilaire hakuwa amesogea hata kidole, maji yalikuwa yale yale magotini mwake, lakini kwa kipimo ardhi ilikuwa imeshuka mita moja na nusu. Symphorien aliandika namba haraka kwa furaha. Hilaire aliuacha ufito umesimama ndani ya tope, akatoka majini, akakataa kurudi.

Siku mbili baadaye Hilaire aliambiwa kuwa kwa watu wa Kasai kazi imekwisha. Symphorien alikuwa kwenye meza ya pili akichonga penseli. Aliendelea kuchonga.

Na siku ya tatu, mchuzi.

Baada ya chungwa vikaja vingine. Milango yote ilianza kufunguka upande wa choo. Vitanda vilikutwa vimesogea, kila asubuhi upana wa kiganja. Chini ya saruji ulikuja mlio, si wa maji yanayopita, ila wa mtu anayekunywa uji wa moto, anafyonza kidogo, anapumzika, anafyonza tena. Harufu ya dambo ilijaa korido, majani yaliyooza na tope, na ndani yake harufu nyingine tamu iliyomfanya Simone azibe pua na kulia, kwa sababu ilikuwa harufu ya utosi wa mtoto mchanga.

Carine alikuwa na miaka sita. Alianza kutembea ameegemea nyuma, kama mtu anayeshuka mlima.

"Papa, naanguka," alisema, naye amesimama wima katikati ya chumba.

Walihamia kwa dada yake Simone, na mchuzi wa huko nao ukalala upande. Wakarudi. Padri alikuja, akasali vizuri, akanyunyiza maji ya baraka, na matone yote yakakusanyika sakafuni yakawa uzi mmoja, uzi ukanyooka hadi chooni. Padri alifunga kitabu chake, akaondoka bila kunywa chai.

Jumatano alasiri, mvua ilipokwisha, Symphorien alisikia kucha zikiparuza sakafu. Alitoka chumbani akamwona Carine amelala kifudifudi kwenye korido kavu, anateremka, miguu mbele, polepole, bila kitu chochote kumvuta, vidole vyake kumi vikikwaruza saruji na kuacha mistari myeupe, naye halii, pumzi za kulia alikuwa amezimaliza, anamtazama tu baba yake, na Symphorien alipomrukia na kumshika mikono alihisi uzito si wa mtoto bali wa gari lililoachwa kilimani, akamwita Simone, Simone akamshika yeye kiuno, wakavuta wote wawili huku nyuma ya mtoto ule mdomo chooni ukifyonza, ukipumzika, ukifyonza, kisha ukaacha kufyonza, na kutoka ndani ya bomba ikapanda sauti, sauti yake mwenyewe Symphorien, ya mchana ule wa dambo, ikasema kwa upole:

"Kenye anapenda."

Walimfunga Carine kwa kitenge kwenye nondo za dirisha la sebule. Simone akakimbia kumwita Orpha.

Orpha aliuza samaki wakavu wa ziwa la Tshangalele sokoni, na watu wenye mambo ya mizimu walimfuata palepale kwenye meza yake. Alikuja na aproni yake yenye magamba ya samaki. Hakupiga ngoma wala hakuchoma kitu. Alimsikiliza Symphorien mpaka mwisho, akamwaga kikombe cha maji, akayatazama yanavyokwenda.

"Hii haifukuzwe," alisema kwa sauti ya chini. "Uliomba, ikakupa. Sasa inakuya kukamata."

"Tutafanya nini, Mama?"

"Weye njo fundi wa njia ya maji, unaniuliza miye? Maji iko na mwisho. Mwisho uliweka hapa kwako. Ukitaka uitoshe hapa, uipeleke kwingine. Leta ile karatasi yako."

Symphorien alitandaza ramani juu ya meza. Alilazimika kuishikilia isiteleze.

"Andika na mukono yako," Orpha alisema. "Nyumba moja. Jina ya mwenyewe."

Penseli ilikaa juu ya karatasi bila kugusa. Dirishani Carine alianza kulegea ndani ya kitenge.

"Nyumba ya Hilaire," Simone alinong'ona. "Iko bure. Banaisha kuenda ku gare."

Orpha alimgeukia Symphorien. "Kweli? Hakuna bantu mule?"

Jana yake Symphorien alikuwa amepita njia ile. Aliona nepi tano zimeanikwa kwenye kamba. Alijua kwamba Mélanie, mke wa Hilaire, alijifungua Jumapili, na kwamba mzazi hawezi kulala mvuani kwenye gare. Kwa hiyo Hilaire alikuwa ametangulia peke yake kuwashikia nafasi.

"Hakuna," alisema.

Akachora mstari. Akaandika jina.

Fundo la kitenge lilifunguka lenyewe. Carine alishuka kwa miguu yake, akasimama, akachukua hatua mbili zilizonyooka, akamwomba mama yake maji. Simone alipiga magoti akilia na kucheka. Orpha hakucheka. Alikuwa bado anamtazama Symphorien, na alipopewa mkono wa shukrani aliuficha wake chini ya aproni.

Kesho yake asubuhi Symphorien alikwenda kwa Hilaire. Mlango ulikuwa wazi. Kitanda, sufuria, viti, beseni lenye nepi, vyote vilikuwa vimerundikana kwenye ukuta wa choo. Kwenye saruji ya korido kulikuwa na mistari ya kucha, mirefu, yenye kina. Aliihesabu mara mbili. Ilikuwa mistari ya mkono mmoja tu. Mkono wa pili ulikuwa umeshika kitu, na haukukiachia mpaka mwisho.

Alivuta mlango, akaufunga vizuri.

Jumamosi treni ikafika. Symphorien alikwenda kwenye gare, mwenyewe hakujua kwa nini, na katikati ya vifurushi na vilio Hilaire akamwona kwanza.

"Chef! Chef!" Alikuwa amekonda, macho mekundu. "Nilituma mutu kumubeba Mélanie na mutoto, anasema nyumba inafungwa, haione mutu. Nataka kurudia kule, lakini treni itaniacha. Ulibaona?"

Symphorien angeweza kusema lolote. Kengele ililia. Kama angerudi, Hilaire angeufungua ule mlango.

"Balishapanda," Symphorien alisema. "Wagon ya mbele, na bamama bengine. Nilibaona na macho yangu."

Hilaire aliishika mikono yake yote miwili akaibusu. Symphorien alimsaidia kuinua kifurushi, akamsukuma kwa bega mpaka akaingia katika behewa lililojaa, na treni ikaanza kuondoka. Kichwa cha Hilaire kilitokeza juu ya vichwa vya wengine, kikicheka.

"Chef!" alipiga kelele. "Nilisahau kukuambia! Ule mutoto tulimupa jina yako!"

Symphorien aliinua mkono akapunga. Aliendelea kupunga hata behewa la mwisho lilipokwisha kupita.